Kufunga, Kufuta na Kurejesha: Istilahi za Simujanja na Upotevu wa Data katika Majiji ya Jinja na Mbale, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kinachotokea simujanja inapojifunga, inaporejeshwa katika hali ya kiwandani na data za mtumiaji zinapopotea, kwa kuzingatia mazingira ya lugha ya majiji ya Jinja na Mbale. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya hasara hiyo haitokani na kifaa bali na maneno: mtumiaji hukubali kufutiwa kila kitu kwa sababu neno analolisikia halimwonyeshi kitakachotendeka. Makala yanabainisha aina tano za makufuli, mahali data zinapokaa, na sababu ya kufuta kwa sasa kuwa kwa kudumu. Kisha yanachambua istilahi za Kiswahili zinazoleta utata, hasa kurejesha, kuweka upya, data, kufungua na PIN, na kuhusisha utata huo na ridhaa inayotakiwa na sheria ya Uganda ya ulinzi wa data. Yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa wanaistilahi, walimu, mafundi na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Jinja iko Busoga, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, na viwanda vyake, vilivyopata nguvu baada ya kuzinduliwa kwa bwawa la umeme la Owen Falls (leo Nalubaale) mwaka 1954, viliwavuta wafanyakazi wa makabila mengi. Mbale iko Bugisu, chini ya Wanale na Mlima Elgon, katika njia za biashara zinazounganisha mashariki mwa Uganda na Kenya kupitia Malaba, Busia na Lwakhakha. Katika majiji yote mawili Kiingereza ni lugha ya ofisi na shule. Kisoga, Kimasaaba na Kiganda ni lugha za nyumbani na sokoni. Na Kiswahili kinasikika kwa wafanyabiashara wa mpakani, madereva, askari na mafundi.

Nafasi hiyo ya Kiswahili inabadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kizazi kinachojifunza Kiswahili darasani ndicho hicho kinachoombwa na wazazi kila siku kuwasaidia na simu. Kwa hiyo istilahi za simu si suala la kamusi peke yake. Ni suala la iwapo Kiswahili kitawafikia watu hawa kikiwa na maneno yanayowakinga au yanayowapoteza.

Uzito wa jambo unatokana na vitu vilivyomo ndani ya simu. Katika kifaa kimoja hukaa namba za wateja, picha za marehemu, kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa, risiti za malipo, mawasiliano na mwajiri na, mara nyingine, ushahidi wa kesi. Vitu hivyo vikipotea havinunuliki tena, hata kama simu yenyewe imepona.

2.0 Makufuli matano katika kifaa kimoja

Katika mazungumzo ya kawaida husemwa tu kwamba "simu imejifunga". Kauli hiyo huficha hali tano zilizo tofauti, na kila moja ina tiba yake.

La kwanza ni kufuli la skrini: PIN, mchoro, nenosiri au alama ya kidole. Mtu akikosea mara nyingi, simu humlazimisha kusubiri, na muda wa kusubiri huongezeka. Alama ya kidole haitoshi baada ya simu kuzimwa na kuwashwa. PIN au mchoro hutakiwa kwanza. Ndiyo maana mtu aliyezoea kidole kwa miezi mingi huweza kujikuta nje ya simu yake asubuhi moja baada ya betri kuisha usiku. Simu za Android za toleo la 4.4 na yaliyotangulia zilimruhusu aliyesahau mchoro kuingia kwa akaunti yake ya Google. Njia hiyo haipo katika matoleo yaliyofuata, ingawa imani kwamba ipo haijaisha.

La pili ni kufuli la laini. PIN ya laini ikikosewa mara tatu, hutakiwa namba ya PUK. PUK ikikosewa mara kumi, laini hufa kabisa na lazima ibadilishwe. Kufuli hili halihusiani na picha wala ujumbe uliomo katika simu, na kuifuta simu hakulitatui.

La tatu ni kufuli la akaunti baada ya kufuta. Apple iliweka kinga ya aina hii mwaka 2013 na Google ikafuata mwaka 2015 katika Android 5.1. Lengo lake ni kumvunja moyo mwizi: simu ikifutwa kwa vibonye vya pembeni bila kufunguliwa kwanza, huwaka ikidai akaunti iliyokuwamo awali. Hapa mmiliki halali huweza kunaswa pamoja na mwizi. Ni jambo la kawaida muuzaji wa duka kumfungulia mnunuzi akaunti ya baruapepe ili simu ianze kutumika, na mnunuzi asiandike anwani wala nenosiri. Siku simu inapofutwa, mmiliki huulizwa jina la akaunti asiyojua kwamba anayo.

La nne ni kufuli la mkopo. Simu zinazouzwa kwa malipo ya awamu huwekewa programu inayomwezesha mkopeshaji kuifunga simu kwa mbali malipo yanapochelewa. Programu hiyo hutengenezwa isiondoke hata simu ikifutwa. Anayemwomba fundi aifute simu ya aina hiyo ili "ifunguke" hupoteza data zake na kufuli hubaki.

La tano ni kufuli la programu moja moja. Huduma ya pesa kwa simu ina PIN yake. WhatsApp nayo ina PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili kwa anayeiwasha. Aliyeisahau na hakuweka baruapepe ya kumsaidia hulazimika kusubiri siku saba.

3.0 Data hukaa wapi

Swali la kwanza la mtu aliyefungiwa nje huwa ni namna ya kuifungua simu. Swali linalopaswa kutangulia ni kile anachotaka kukiokoa kilipo. Majibu yake hayafanani.

Fedha za simu hazimo ndani ya simu. Tangu huduma hiyo ianze Uganda mwaka 2009, salio limekuwa katika mitambo ya kampuni, likitambuliwa kwa namba ya laini na PIN. Simu ikiibiwa, ikiungua au ikifutwa, salio hubaki, na mmiliki hulifikia tena kwa kubadilisha laini akiwa na kitambulisho cha taifa. Wapo wanaoogopa kuifuta simu wakidhani fedha zitapotea, na wapo wanaokubali kuifuta wakidhani picha nazo, kama fedha, zinatunzwa "kwenye mtandao". Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja.

Namba za watu zinaweza kuwa katika laini, katika kumbukumbu ya simu, au katika akaunti ya Google. Zilizo katika laini na akaunti hunusurika. Zilizo katika simu peke yake hufutika. Picha hukaa katika simu au katika kadi ya kumbukumbu. Kadi ya kawaida ikitolewa kabla ya kufuta huwa salama, lakini kadi iliyounganishwa na kumbukumbu ya ndani, jambo lililowezekana tangu Android 6.0, haisomeki tena baada ya simu kufutwa. Ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kufika hautunzwi na kampuni. Uhai wake hutegemea simu na nakala iliyopelekwa kwenye akaunti ya Google, ikiwa mtumiaji aliiwasha huduma hiyo na ana bando na nafasi ya kutosha. Tangu mwaka 2024 nakala hizo huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 anazopewa bure mwenye akaunti.

Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, nakala ya simu inayotunzwa na Google hufungwa kwa kufuli la skrini la simu iliyotoka. Anayeirejesha katika simu mpya huulizwa PIN au mchoro wa simu ya zamani. Aliyesahau PIN kwa hiyo hapotezi mlango wa simu tu. Huweza kupoteza pia sehemu ya nakala iliyokusudiwa kumwokoa.

4.0 Kwa nini kilichofutwa hakirudi

Mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi wanakumbuka wakati ambapo kufuta hakukuwa kufuta hasa. Simu iliondoa orodha ya mafaili, na mafaili yenyewe yakabaki mpaka yafunikwe na mengine. Programu maalumu za kompyuta ziliweza kuyafukua, na sifa ya fundi hodari ilijengwa juu ya kazi hiyo.

Hali hiyo imepita. Simu zinazotoka kiwandani na Android 10 au matoleo yaliyofuata hulazimika kuhifadhi data kwa usimbaji fiche: kila kinachoandikwa huandikwa kwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo uliomo ndani ya kifaa. Simu inaporejeshwa katika hali ya kiwandani, ufunguo huo huharibiwa. Hata kama vipande vya data vingebaki, hakuna wa kuvisoma, awe fundi, polisi au mtengenezaji. Anayeahidi kurudisha picha baada ya simu kama hiyo kufutwa anaahidi asichoweza.

Matokeo yake ni kwamba uamuzi wote umehamia kabla ya tendo. Zamani kosa la kufuta liliweza kurekebishwa kwa ujuzi. Sasa linaweza kuzuiwa kwa maelezo tu. Hapo ndipo lugha inapoingia.

5.0 Utata wa istilahi

Mfano wa kubuni utasaidia. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa Namatala, Mbale, hupiga picha kurasa za daftari la michango kila Jumapili. Mjukuu amechezea simu na kubadilisha mchoro. Mama anaipeleka kwa fundi kijana, na kwa kuwa mmoja ni Mgisu na mwingine anatoka ng'ambo ya mpaka, wanazungumza Kiswahili.

"Mama, nikiirejesha, data zote zitapotea."

"Haidhuru, mwanangu. Zilikuwa kidogo tu, nitanunua nyingine."

Fundi ametahadharisha, mama ameridhia, na kurasa za mwaka mzima zimetoweka. Hakuna aliyedanganya. Maneno mawili ndiyo yaliyowaponza.

5.1 Data

Katika matumizi ya kila siku Afrika Mashariki, data ni bando la intaneti: hununuliwa, huisha, huongezwa. Maana ya kitaalamu, yaani taarifa zilizohifadhiwa, ni ya pili kwa wasemaji wengi. Onyo lisemalo "data zote zitafutwa" husomwa na wengi kama tangazo la hasara ndogo. Dawa si kulikataa neno, bali kulitaja lililomo: picha, namba za watu, ujumbe, sauti zilizorekodiwa.

5.2 Kurejesha na kuweka upya

Kitenzi kurejesha hutumika kwa matendo mawili yanayopingana. Katika kurejesha picha, kinachorudi ni mali ya mtumiaji, nayo inamrudia mwenyewe. Katika kurejesha simu katika hali ya kiwandani, kinachorudi ni kifaa, nacho kinarudi kwenye wakati ambao mmiliki hakuwapo. Sarufi ni sahihi katika hali zote mbili; yambwa na mahali pa kurudi ndivyo vinavyotofautiana. Lakini katika mazungumzo ya kibandani yambwa hudondoshwa, na "nirejeshe?" hubaki bila kuonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kuweka upya kuna hatari nyingine. Kunakaribiana mno na kuwasha upya, tendo lisilo na madhara linaloshauriwa kwa kila simu inayokwama. Silabi chache hutenganisha kupumzisha simu na kuifuta. Tena upya ni neno la heri katika Kiswahili, halibebi hasara.

5.3 Kufuta, kuflashi na kufungua

Kufuta ndilo neno la wazi kuliko yote kwa tendo hili, ingawa nalo lina maana ya kupangusa, kama mtu afutaye kioo. Likiambatana na "vyote vilivyomo", utata huo huondoka. Kuflashi, neno la mafundi kwa kupakia upya programu endeshi, kwa Mkenya wa kawaida ni kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea, kile ambacho Mtanzania hukiita kubipu. Kufungua simu nako kwaweza kuwa kuondoa kufuli au kutoa skrubu na kuangalia ndani. Mteja anayeambiwa "nimeifungua" hajui bado kama ameokoka.

5.4 PIN na majina ya nakala

Makufuli matano yaliyotajwa hutumia kifupi kimoja, PIN, kwa angalau mambo manne: skrini, laini, fedha na WhatsApp. Anayeulizwa "PIN yako ni ipi?" na fundi huweza kutoa ile ya fedha kwa nia njema. Hilo si kosa la kumbukumbu. Ni mwaliko wa kuibiwa. Kwa upande wa kinga, nakala inayotunzwa kando ina majina mengi: chelezo, hifadhi rudufu, nakala rudufu, nakala hifadhi. Chelezo lilienezwa na watafsiri wa programu wa miaka ya 2000, wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Ni neno zuri la watu wa pwani, lakini kwa mwanafunzi wa Mbale, aliye mbali na bahari, halijifafanui.

6.0 Ridhaa na sheria

Utata huu una sura ya kisheria. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaieleza ridhaa kuwa iliyotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, kwa kuelewa na bila utata. Kipimo hicho kikiwekwa mbele ya mazungumzo ya kibandani au mkataba wa simu ya mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, swali hujitokeza: je, "ndiyo" ya mtu asiyeelewa kitakachofutwa, au asiyejua kwamba simu yake itafungwa kwa mbali, ni ridhaa?

Upande wa pili ni haki ya fundi. Fundi aliyetahadharisha kwa maneno ya kawaida ya kazi yake hulaumiwa kwa hasara asiyoikusudia. Istilahi iliyo wazi humlinda yeye kama inavyomlinda mteja.

Wala kufuli si chanzo pekee cha upotevu. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu zaidi ya 20 wakafariki na nyumba nyingi kuingiliwa na maji. Simu iliyochukuliwa na maji na simu iliyofutwa humwacha mtu mahali pale pale, na kinga ya zote mbili ni moja: nakala iliyo nje ya kifaa, katika akaunti ambayo mwenyewe anaijua.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, istilahi zitenganishwe kwa kazi. Kurejesha kubaki kwa data zinazomrudia mwenyewe peke yake. Tendo la kiwandani liitwe kufuta vyote vilivyomo. Kuwasha upya kuachwe kulipo, na kuweka upya kusitumike katika maonyo. Kwa nakala, nakala ya akiba litafaa zaidi kwa wanaojifunza, kwa sababu akiba tayari ni neno la vikundi vya kuweka na kukopa. PIN itajwe daima pamoja na kifaa chake: PIN ya skrini, ya laini, ya fedha.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na BAKITA, BAKIZA na vyombo vya Kiswahili vya Uganda na Kenya kusanifu istilahi hizi kwa pamoja, ili watengenezaji wa simu wapate orodha moja badala ya nne.

Tatu, mafundi wapewe maswali matatu ya kuuliza kabla ya kufuta, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mteja. Je, unaijua baruapepe iliyomo katika simu hii na nenosiri lake? Je, picha, namba na ujumbe wako vipo mahali pengine? Je, unakubali kwamba visivyo kwingine havitarudi kamwe? Jibu la hapana kwa lolote kati ya hayo linatosha kuahirisha kazi.

Nne, Tume ya Mawasiliano ya Uganda izingatie kuwataka wauzaji wa simu za mkopo kueleza kufuli la mbali kwa lugha anayoielewa mnunuzi, na wauzaji wote kumkabidhi mnunuzi kwa maandishi akaunti wanayomfungulia.

Tano, somo la Kiswahili katika sekondari ya chini litumie maonyo halisi ya simu kama matini za ufahamu. Mwanafunzi atakayeweza kumfafanulia bibi yake onyo moja kwa Kisoga au Kimasaaba atakuwa amejifunza lugha na tafsiri kwa wakati mmoja.

8.0 Hitimisho

Teknolojia ya simu imefanya kufuta kuwa tendo lisilotenguka, na kwa kufanya hivyo imeongeza thamani ya sentensi inayotangulia tendo hilo. Katika Jinja na Mbale sentensi hiyo hutamkwa kati ya watu wasio na lugha moja ya nyumbani, na mara nyingi Kiswahili ndicho daraja lao. Kurasa za daftari zilizopotea katika mfano wa Namatala hazikuhitaji fundi hodari zaidi wala simu ya bei kubwa. Zilihitaji fundi aseme "picha" mahali aliposema "data", na "kufuta" mahali aliposema "kurejesha". Lugha inayotaka kuwa rasmi kwa mamilioni ya wananchi wa Uganda ina wajibu wa kuwapa maneno hayo kabla hawajabonyeza.